Mwenye usonji (autism) anapofikiria kujiua: namna ya kuuliza, kuandika mpango wa usalama na kuutumia

Kama unasoma hapa kwa sababu kuna mtu yuko hatarini sasa hivi, ruka maelezo. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, punguza kelele na idadi ya watu chumbani, kisha mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura. Kama ameshajidhuru, aende hata akisema yuko sawa, maana wenye usonji wengine hawaonyeshi maumivu kama tulivyozoea kuyaona. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Kwa mtoto, 116 inafanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda. Walio Marekani na Kanada wapige au waandike ujumbe 988. Walio Uingereza wapige 116 123 ya Samaritans, au 111 kisha wachague 2.

Na kama anayefikiria kufa ni wewe mwenyewe, mtumie mtu mmoja ujumbe huu: “Nafikiria kujiua. Njoo ukae nami.” Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo, wala kupiga simu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Utafiti umeona nini

Mwaka 2014 Sarah Cassidy na wenzake, akiwemo Simon Baron-Cohen wa Cambridge, walichapisha majibu ya watu wazima 374 waliokuwa wametambuliwa kuwa na Asperger, aina ya usonji, katika kliniki moja Uingereza. Asilimia 66 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua, na asilimia 35 walikuwa wamewahi kupanga au kujaribu. Miaka miwili baadaye Tatjana Hirvikoski na wenzake wa Sweden walipitia rejista za taifa za wenye usonji zaidi ya 27,000. Kwa wale wasio na ulemavu wa akili, uwezekano wa kufa kwa kujiua ulikuwa takriban mara tisa ya watu wengine. Denmark, mwaka 2021, hesabu ya nchi nzima ilitoa zaidi ya mara tatu. Tofauti hiyo hutegemea nani kahesabiwa na kwa muda gani, lakini rejista zote mbili zinaelekeza upande mmoja. Wanawake wanastahili kutajwa peke yao: kwa kawaida wanaume ndio wanaokufa zaidi kwa kujiua, ila kwenye usonji pengo hilo linapungua sana.

Usizisome namba hizi kama hukumu. Wenye usonji wengi mno hawafi hivyo. Isitoshe, zote zinatoka nchi zenye rejista za wagonjwa na kliniki za kutambua usonji. Kwetu mtu anaweza kufika miaka arobaini akiitwa mkaidi, mpole kupita kiasi au “ana vitu vyake”, bila yeyote kutaja usonji. Kwa hiyo usisubiri cheti cha daktari ndipo ufuate hatua za hapa. Namna hii ya kuuliza na kupanga haimdhuru asiye na usonji.

Kinachonishughulisha zaidi ya namba ni sababu. Katika utafiti wa 2018 timu ya Cassidy iliona mambo mawili yakiambatana na hatari hata baada ya kuweka kando sonona na wasiwasi: kuigiza, yaani kuficha usonji siku nzima ili uonekane kama wengine, na kukosa msaada unaouhitaji. Kuna msichana anayejilazimisha kukutazama machoni, anayecheka wengine wakicheka, anayevumilia muziki wa kanisani hadi kichwa kinauma, kisha akifika nyumbani anaanguka kitandani bila kuongea. Watu humsifu kwamba “amepona”. Mimi ningemwangalia yeye kwa makini kuliko yule anayepiga kelele sokoni, ambaye angalau kila mtu anaona kuwa amezidiwa.

Hatua ya kwanza: ijue hali yake ya kila siku

Huwezi kuona mabadiliko kama hujui mwanzo wake. Andika, mkiwa pamoja, siku yake ya kawaida ikoje: analala saa ngapi, anakula nini, anapenda nini kupita vyote, anajitikisa au kupunga mikono wakati gani, anaongea na nani.

Kwenye vitabu vya kawaida dalili za hatari ni kulia, kujitenga na uso wa huzuni. Kwa mwenye usonji kujitenga huenda ndiyo mapumziko yake, na uso wake huenda haubadiliki kamwe. Tafuta badala yake kilichogeuka kwake yeye. Aliyekuwa akizungumzia meli kutwa haziulizi tena. Aliyekuwa akioga mwenyewe sasa hawezi. Maneno yamepungua, au yamekwisha. Anajigonga au kujiuma zaidi ya zamani. Anagawa vitu alivyokuwa hataki viguswe. Au anasema “ni bora nisiwepo” kwa sauti ileile anayosemea kwamba chumvi imekwisha, na wote mezani wanaendelea kula kwa sababu sauti haikuwa na uchungu. Sauti isikudanganye. Sikiliza maneno kama yalivyo.

Kwa asiyezungumza kabisa, mabadiliko ya usingizi, chakula na kujidhuru ndiyo lugha yake. Kwanza mpeleke akaangaliwe jino, sikio, tumbo na choo kigumu, kwa sababu maumivu yasiyosemwa huleta picha hiyohiyo. Hata hivyo usihitimishe kwamba asiyesema hawezi kutamani kufa.

Hatua ya pili: uliza, na uulize wazi

Hofu kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo haijathibitishwa na utafiti. Wengi hupata nafuu wakiulizwa. Shida kubwa ni namna tunavyouliza.

Kiswahili chetu kimejaa adabu ya kuzunguka. “Habari za leo?” “Nzuri.” Mgonjwa mwenye homa kali humjibu daktari “nzuri” kabla hajasema kilichomleta, na mwenye usonji aliyefundishwa salamu amezikariri vizuri kuliko wewe. Atakujibu “salama” akiwa amekwisha kabisa. “Una mawazo?” nalo halifai: yeye atafikiri unamuuliza kama kichwa chake kinafanya kazi. “Umekata tamaa?” Ya nini? Na ukisema “usije ukafanya jambo la ajabu”, hajui unazungumzia jambo gani.

Maswali ya hospitali yana kasoro za namna hiyohiyo. Dodoso moja linalotumika sana linauliza kama umewahi kumwambia mtu kwamba utajiua. Wenye usonji walipohojiwa walieleza kwamba huenda mtu hana wa kumwambia, au hakupata maneno, si kwamba hakufikiria. Kutokana na mahojiano hayo kikachapishwa mwaka 2021 kipimo kilichorekebishwa pamoja nao, kifupi chake SBQ-ASC. Kinatumika katika utafiti, lakini funzo lake unaweza kulichukua leo: swali moja kwa wakati, muda unaojulikana, neno lisilo na maana mbili.

Jaribu hivi, kwa utaratibu huu:

“Katika siku saba zilizopita, umetamani usiwe hai?”

“Katika siku hizo saba, umefikiria kujiua?”

“Umeshafikiria utafanyaje?”

“Vitu vya kufanyia hivyo unavyo, au unajua vilipo?”

“Kuna tarehe, au jambo ambalo likitokea, utafanya?”

Usiliache hilo la mwisho. Mtu anayeishi kwa kanuni anaweza kukujibu “hapana” kwa uaminifu ukimuuliza kama atajiua leo, kwa sababu amejiwekea kwamba ni siku matokeo yatakapotoka.

Mpe majibu manne ya kuchagua: ndiyo, hapana, sijui, sitaki kusema sasa. Unaweza kuuliza kwa WhatsApp mkiwa nyumba moja, au kwa karatasi. Kaeni ubavu kwa ubavu, garini au mkitembea, wala usidai akutazame. Ukishauliza, nyamaza. Usilirudie swali kwa maneno mengine baada ya sekunde tano ukidhani hajaelewa. Umemwanzishia swali jipya na la kwanza limepotea.

Wengi pia hawawezi kutaja hisia zao, hata wakitaka. Usimsukume aseme kama ana huzuni au hasira. Muulize kuhusu mwili na matendo: umelala saa ngapi, umekula, umeoga, kifua kinabana? Au mwambie ajipe asilimia kama chaji ya simu, kisha mkubaliane mapema asilimia 20 maana yake nini kwake na wewe utafanya nini ikifika hapo.

Akikwambia ndiyo, jibu lako la kwanza liwe “asante kwa kuniambia, nakaa nawe.” Usimwapie kwamba itabaki siri. Na tafadhali, usianze na dhambi. Anayechukua maneno kama yalivyo akiambiwa kwamba hata kuwaza ni kosa, wazo haliondoki. Anajifunza tu kutokuambia tena. Sheikh au padri anayejua kusikiliza anaweza kuwa mmoja wa watu kwenye mpango, na kwa familia nyingi ndiye anayeaminika kuliko daktari. Anayemfunga kamba au kumnyima chakula ili “kitoke” asikaribishwe.

Hatua ya tatu: andikeni mpango wa usalama siku ya utulivu

Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Mpango wa usalama ulibuniwa Marekani na Barbara Stanley na Gregory Brown. Una sehemu sita: dalili zangu za hatari, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunibadilishia mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuyafanya mazingira yawe salama. Watafiti wa Newcastle na Nottingham, Uingereza, wameurekebisha pamoja na wenye usonji wenyewe na wanaowasaidia, na wamekuwa wakiujaribu.

Usiuandike siku amezidiwa. Subiri siku nzuri, mgawanye katika vikao vifupi, na maneno yawe yake hata kama sarufi inakukera. Mfano wa kubuni: kijana wa miaka 22 anayetengeneza simu nyumbani kwao Tanga.

*Dalili zangu.* Sijafungua kibanda siku mbili. Nakula mkate tu. Kichwani inajirudia “sina maana”. Najigonga paja.

*Peke yangu.* Nazima taa. Hedifoni, sauti ya mvua. Napanga skrubu kwa ukubwa. Nikimaliza kopo moja najiuliza kama bado nataka kufa. Jibu likiwa ndiyo, naenda kwa watu.

*Mahali.* Ufukweni Raskazone kabla ya saa moja asubuhi. SIO sokoni. SIO harusini. SIO kwenye mkesha.

*Watu.* Namtumia shangazi emoji ya duara jekundu. Hapigi simu, anakuja. Akifika asinishike. Asiniulize kwa nini. Akae mlangoni. Asipojibu dakika 15, natuma kwa kaka.

*Hospitali.* Bombo. Shangazi anaongea, mimi naandika. Nikiacha kusema sio kiburi, maneno yamekatika.

*Vitu.* Dawa zangu za kifafa anatunza shangazi, napewa za wiki moja. Sumu ya panya haiingii ndani.

Angalia sehemu ya mahali. Mpango wa kawaida humwambia mtu aende kwenye watu wengi ajisahau. Kwa huyu, watu wengi ndio wanaomzidisha. Vivyo hivyo “vuta pumzi, usikilize mwili wako”: kwa wengine kuusikiliza mwili kunaongeza hofu. Kujitikisa, kuzungukazunguka, kurudia wimbo mmoja mara thelathini, hizo ni dawa zake, usimkataze ili mgeni asishangae. Na alichokipenda kikiwa ratiba za treni au majina ya samaki, kiingizwe kwenye mpango bila aibu. Mara nyingi kina nguvu kuliko ushauri wako wote.

Angalia tena ule ujumbe wa duara. Kumwambia mtu aliyezidiwa “nipigie ukihitaji” ni kumpa kazi asiyoiweza. Mpe alama moja, na upande wa pili ujue la kufanya bila kuuliza. Kisha jaribuni: atume duara Jumamosi mchana akiwa mzima, shangazi aje kweli. Mpango ambao haujajaribiwa siuamini.

Sehemu ya vitu salama ina ushahidi mzito kuliko zote. Sri Lanka, baada ya kupiga marufuku viuatilifu vikali kwa awamu, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Mara nyingi hatari kubwa huja kama wimbi na kupita. Kama kitu hakipo karibu dakika hizo, maisha yanaendelea. Kwa hiyo dawa zote za nyumbani, za shinikizo la bibi pia, ziwe kwenye sanduku lenye kufuli, na dawa za shamba ziwekwe kwa jirani au ghala la kijiji. Fanyeni kwa makubaliano naye: mweleze kwa nini, nani ana ufunguo, na lini mtalitazama upya. Kuhamisha vitu vya mtu mwenye usonji kimyakimya ni kumvunjia imani. Dawa ya kifafa, ambao wenye usonji wengi wanao, isikatizwe hata siku moja, igawiwe kidogokidogo.

Hatua ya nne: hospitalini

Foleni, taa za mchana kutwa, harufu ya dawa, jina lako kuitwa kwa kelele. Aliyetoka nyumbani akiwa na asilimia 30 anafika kwa daktari na 5, kisha daktari anaandika “hana ushirikiano”. Nenda na karatasi ya nusu ukurasa: ana usonji, anaelewa ukimwandikia, usimguse bila kumwambia, amesema anataka kujiua tarehe fulani kwa maneno haya. Mpe muuguzi wa mapokezi mkononi. Omba msubiri nje au garini na mwitwe kwa simu. Kama kituo chenu hakina mtaalamu, omba rufaa ya afya ya akili. Muhimbili, Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi na Butabika Kampala wana huduma hizo.

Kuhusu polisi: Kenya, mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa ni kinyume cha Katiba. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimekuwa kikilihesabu kosa, na hofu hiyo huwafanya ndugu wamfiche mgonjwa ndani. Kufikiria kujiua si kosa. Anayeumwa atangulie hospitali, mengine yatafuata.

Wahudumu wa afya, nanyi lenu lipo. Uingereza ilipotoa mkakati wake wa kuzuia kujiua mwaka 2023 iliwataja wenye usonji kuwa kundi la kipaumbele, lakini huhitaji mkakati wa taifa kuandika juu ya faili “usonji: andika maswali, subiri jibu”. Mwongozo wa 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri unasihi uwe wa maneno ya moja kwa moja, wenye maandishi na picha, uhusishe mtu anayemwamini na utumie mambo anayoyapenda. Mkiandika dawa ya sonona, anzeni na dozi ndogo na mwoneni mapema. Wengine hupata fadhaa mwanzoni na hawatakuja wenyewe kuwaambia.

Hatua ya tano: wiki zinazofuata

Familia nyingi hupumua hapa. Ni mapema mno. Siku za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari, kwa hiyo panga mawasiliano ya kila siku kwa saa ileile na kwa njia ileile.

Kisha gusa chanzo. Uliza anaigiza wapi na kwa saa ngapi, na utafute pa kupunguza. Aruhusiwe kula peke yake. Asamehewe ngoma ya harusi, apeleke mchango na kuondoka. Shuleni atoke darasani dakika kumi bila kuomba mbele ya wenzake, na anayemwonea ashughulikiwe yeye, asihamishwe mwonewa. Kazini apewe maelekezo kwa maandishi. Kama ameishiwa nguvu hata za kuoga, hiyo inaweza kuwa uchovu mkubwa wa kuigiza kwa miaka. Ukimwambia “jikaze” unamrudisha kulekule. Anahitaji wiki, pengine miezi, za madai machache. Na mtafutie wenzake. Wenye usonji wakikutana mara nyingi wanaelewana bila jasho, hata mtandaoni. Mtu aliyezoea kuhisi kuwa ni mzigo nyumbani akigundua kuna anayesubiri maelezo yake ya ratiba za treni, hilo nalo ni kinga.

Walezi wapeane zamu. Shangazi mmoja hawezi kukesha miezi mitatu.

Nakala ya mpango iwe kwenye simu yake, kwa kila aliyetajwa, na moja kwenye faili la hospitali. Uangalieni tena baada ya wiki moja, kisha kila mwezi, na kila kabla ya jambo linalojulikana: matokeo ya mtihani, kuhama nyumba, msiba, Ramadhani inapobadilisha ratiba ya chakula na usingizi. Shangazi akibadili namba ya simu au akisafiri, ukurasa uandikwe upya siku hiyohiyo, na duara litumwe tena kwa majaribio.